Nimechukua Lenzi Fupi, Fundi

Fundi,

Nimechukua ile fupi. Nakuambia mapema kwa sababu najua ungeruka mistari kutafuta jibu, kama ulivyokuwa ukisoma gazeti kuanzia nyuma. Sasa tulia nikueleze, maana nusu ya Karatu wananiona nimerukwa na akili, na mtu ambaye ningependa anielewe ni wewe.

Tulipokwisha kukuzika kule Mbulumbulu, kaka yako aliibeba kamera kubwa akaenda nayo Mbulu. Sikubisha. Ile ndogo ya kujifunzia, uliyosema mbele ya mkeo kwamba ni yangu, ilifungiwa sandukuni pamoja na koti lako na redio. Vitu vya marehemu visiguswe mpaka ukoo ukae. Nilimwomba mkeo, Mama Sabina, aniruhusu niitunze mahali pakavu, akaniambia, "Heshima kwanza, Paskalina, kamera itakungoja." Unaujua ukungu wa kule juu wakati wa masika. Miezi mitatu ndani ya mfuko wa ngozi, ndani ya sanduku, mvua hainyamazi. Ukoo ulipokaa na sanduku likafunguliwa, kamera ilikuwa nzima, lakini ndani ya lenzi kuvu ilikuwa imetanda kama mizizi ya nyasi. Nilifuta, nikafuta, kumbe iko katikati ya vioo, kitambaa hakifiki. Nililia, Fundi. Makaburini sikulia vile.

Mama Sabina alinikabidhi ufunguo wa chumba chetu cha picha, akasema nikae nacho mpaka ngano ivunwe. Nikiweza kukifufua, nikiendeshe. Nikishindwa, shemeji yake atauzia humo chumvi na mafuta ya taa. Tayari alikuwa ameshakuja kupima mahali pa rafu kwa kamba ya katani. Nilimwangalia akipima, nikajiapiza kwamba hapati.

Aliyeniokoa ni Elibariki, yule dereva wa watalii uliyekuwa ukimtania kwamba anawajua tembo wake kwa majina kuliko wanawe. Alhamisi moja alinishushia kutoka Arusha lenzi mbili kuukuu za fundi anayemwamini, zote zinaingia kwenye kamera yetu. Nikae nazo mpaka Jumapili, nichague moja, nyingine airudishe. Moja ya milimita hamsini, fupi na nene kama kikombe. Nyingine ya mia na thelathini na tano, ndefu, nyeusi, ya kutisha. Hakuna hata moja ya kuvuta karibu wala kurudisha nyuma. Kila moja ina kipimo chake na haibadiliki.

"Dada, wala usijiulize," Elibariki aliniambia. "Chukua ndefu. Mzungu hataki sura ya mkulima, anataka simba."

Siku hiyohiyo akanipandisha kwenye gari lake mpaka ukingoni mwa kreta, lile bonde la wanyama. Nikafunga ile ndefu, nikatazama chini. Nyati ambao kwa macho matupu walikuwa punje za ulezi, sasa wamekuwa punje za mtama. Basi! Nilicheka mpaka watalii wakageuka. Lakini nisikudanganye. Wakati wa kurudi tulisimama, na mama mmoja wa Kimaasai akaniruhusu nimtazame kupitia kamera. Uso wake ukajaa wote, shanga moja moja, na vilima nyuma yake vikalainika vikapotea. Nilirudi Karatu nikiwa nimeshaamua kwamba ndefu ndiyo yangu.

Wewe ungeniuliza swali moja tu: chumba chetu kina hatua ngapi? Nami sikujiuliza.

Jumamosi akaja Mzee Qamara, yule mkulima wa ngano. Ametembea kutoka Mbulumbulu tangu alfajiri, anataka picha nzima ya kuwaachia wajukuu. Nilifurahi mno, mteja wa kwanza tangu ulipoondoka! Akafanya kama wote wanavyofanya: akavua katambuga zake za matairi, akaingiza mkono chini ya pazia, akavitoa viatu vyako vyeusi vya kamba, namba tisa. Vilimpwaya, akajaza magazeti mbele. Akasimama wima, mikono mapajani.

Nikatazama. Kidevu na masikio. Nikarudi nyuma hadi ukutani. Kifua. Nikatoka mlangoni, nikavuka barabara mpaka kwenye bucha, na sasa naona mzee mzima, lakini katikati yetu kuna mbuzi, kuna lori la ngano, kuna watu wanaosimama kunisalimu na kunipa pole ya msiba. Na chumba chenyewe kina dirisha moja, na tundu la lenzi ile halifunguki vya kutosha, kwa hiyo kutoka kule barabarani mzee alikuwa kivuli tu. Nilirudi ndani jasho likinitoka. Nikapiga kifua na kichwa, nikamwambia ni mtindo mpya.

Jumapili baada ya ibada alikuja kuichukua. Aliishika mbali, akaisogeza karibu, akaigeuza nyuma, labda sehemu iliyobaki iko huko.

"Miguu yangu iko wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za milimita. Akanikatiza kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. "Binti, nimekuja kwa miguu hii. Na nimevaa viatu vya Fundi. Nilivivaa vya nini?"

Hapo nikakusikia, na ile sauti yako ya kikohozi. "Sogea, Paskalina! Lenzi haina miguu, wewe unayo." Ulinifokea hivyo miaka sita, kila nilipolalamika kwamba mteja yuko mbali au yuko karibu mno. Nilidhani unanifundisha kutembea. Siku ile nikaona kwamba ulikuwa umekipima chumba chako kwa lenzi yako, au lenzi kwa chumba, na kwamba hukuwahi kumkata mtu miguu. Picha nzima ni nzima. Anayetaka nusu ataomba nusu.

Nikaifunga ile fupi. Tundu lake likafunguka likala mwanga wote wa dirisha. Mgongo wangu ukagusa fremu ya mlango, palepale ambapo rangi imekwanguka kwa mgongo wako, na Mzee Qamara akaingia mzima, kofia mpaka soli, na nafasi kidogo ikabaki juu. Sikuhitaji kutoka nje. Nilikusogelea hata wewe, Fundi, najua unacheka.

Elibariki alipokuja jioni nikamrudishia ndefu. "Utajuta, dada," akasema. Nikamwambia arudi baada ya mwaka aniulize. Sura za karibu nitazipiga pia, nitamsogelea mwenye sura na kumwomba ruhusa. Simba wana wapigapicha wengi.

Sasa nifike pale panaponiuma. Siku ya kukuzika tulitafuta picha yako ya kuweka juu ya jeneza. Tulipekua bahasha zote. Hakuna. Mtu aliyewapiga picha watu wa milima yote hii hana hata moja. Kila nilipokuomba ulijibu, "Nani atashika kamera?" na mimi nimesimama mbele yako, mikono yote miwili ninayo. Nilipaswa kusisitiza. Sikusisitiza, na sijajisamehe.

Juzi ngano imekwisha kuvunwa, Mama Sabina akashuka kuja kuamua. Nilikuwa nimetundika picha ya Mzee Qamara dirishani. Hakumtazama mzee hata kidogo. Aliinama, akaweka kidole kwenye viatu.

"Hivi ni vya harusi yetu," akasema. "Nilimuuliza miaka yote, akaniambia vimeibiwa."

Sikujua, Fundi! Hukuniambia. Tukaketi kwenye benchi la wateja, tukaanza kutaja nyumba. Kwa katekista, ukutani, viatu vyako. Kwa mwalimu wa Mbulumbulu, vyako. Kwa wale ndugu wawili waliopiga picha tofauti ili kila mmoja avivae. Mama Sabina alicheka huku machozi yanamtiririka, kisha akaondoka, na ufunguo aliuacha mezani.

Kwa hiyo rafu hazitawekwa. Kama ningechukua ile ndefu, viatu vyako visingeonekana tena kwenye picha yoyote. Sasa nakuahidi: sitamkata mtu miguu maadamu mlango huu uko wazi. Kamera hailali tena kwenye ngozi, hata ukoo ukae mara kumi. Na kila Jumatatu, kabla sijafungua dirisha, napiga viatu rangi. Soli ya kushoto imechoka, nitaipeleka kwa fundi viatu wiki hii.

Pumzika, Fundi wangu. Uso wako sina. Lakini kesho kuna harusi, na bwana harusi amekuja leo kuulizia kama viatu vipo. Nimemwambia vipo.

Mwanafunzi wako,
Paskalina