Samaki wa Amana

Same, nyuma ya nyumba ya Bwana

Kwa dada yangu Bi. Mwanahawa, Pangani.

Shikamoo dada. Mdogo wako yu mzima, isipokuwa magoti, na tumbo ambalo siku hizi hufika mahali kabla yangu. Wewe u hali gani? Kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa? Na shemeji ameshaezeka paa, au bado anayatazama makuti nayo yanamtazama? Huyo anayekusomea mwambie asome polepole, maana habari za safari hii ni nzito, nami sina mwingine wa kumwambia.

Uliuliza kama ni kweli kwamba mpishi mzima wa Pangani nimegeuka mvuvi wa milimani. Nimegeuka mbeba kapu, dada. Bwana wangu, Mzungu aliye mkuu na hakimu wa wilaya hii, ana maradhi ya samaki. Mwaka juzi Wazungu walitia mtoni, juu kabisa chini ya msitu wa Shengena, samaki wa kwao waitwao trauti, na sasa wamekua. Wako wa namna mbili. Mmoja ana rangi ya majani makavu na madoa mekundu ubavuni. Huyo ni mjanja, hulala chini ya jiwe na hatoki mpaka kivuli kiingie majini. Kumvua yeye Bwana hutambaa kwa tumbo kama mwizi wa kuku, nami nyuma yake nimekatazwa hata kukohoa. Wa pili ana utepe wa waridi toka shavuni mpaka mkiani. Huyo ni mlafi mwenye maringo, hupenda maji yendayo kasi, na akinasa huruka juu apate kuonekana. Chambo chao ni inzi wa uongo aliyefungwa kwa uzi na manyoya, na manyoya yanatoka shingoni mwa jogoo wangu. Jogoo sasa anatembea kama bwana harusi aliyeibiwa kanzu. Siku moja Bwana alinipa fimbo nami nijaribu. Nikanasa kofia yake.

Huko juu nilipata rafiki, Mzee Kajiru, mwenye ndiva ya kijiji. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe walilojenga babu zao kando ya kijito. Usiku linajaa, alfajiri yeye huzibua tundu la chini, na maji hushuka kwa mfereji mpaka kwenye maharage na mahindi ya watu, kila nyumba kwa zamu yake. Tundu lile haligusi mtu asiye wa ukoo wake. Mzee huyu na wenzake hawali samaki, kwao ni nyoka wa majini. Alikuwa akija jikoni kwangu, katika nyumba ya wageni, kunitazama nikikaanga.

"Mswahili," aliniambia, "huyu nyoka kwenu mnamla na mafuta au bila?"

"Na nazi, mzee."

"Basi ndiyo maana mmekimbilia ukingoni mwa nchi. Mlifukuzwa."

Sasa sikia yaliyotokea. Kabla ya mvua za vuli Bwana aliletewa kwa gari moshi, kutoka upande wa Moshi, madebe ya watoto wa trauti wa namna zote mbili. Mtoni hakutaka kuwatia bado, maana wale wakubwa wa madoa wangewala. Akawatia katika ndiva. Akamwita Mzee Kajiru, akamwambia nitunzie samaki wangu, usikaushe bwawa mpaka nirudi. Mzee akavua kofia, akakubali. Kisha mimi na Bwana tukateremka Ndungu kwa kazi zake, na kazi ikazaa kazi, tukakawia kupita alivyoahidi.

Dada, Wapare wana desturi hii. Mtu humpelekea rafiki yake ng'ombe wake akae naye, na rafiki humtunza kama wake. Ng'ombe akifa, mtunzaji hamfichi wala hamli. Humpelekea mwenyewe ngozi na nyama, aone kwa macho kwamba amekufa kweli na amana haikuliwa. Mzee Kajiru aliwatunza wale trauti kwa desturi hiyo, maana nyingine hana.

Tope lilijaa ndivani. Kila mwaka kabla ya vuli hupigwa baragumu, watu wote hutoka kwa kazi ya pamoja, ambayo wao huita msaragambo, bwawa linakaushwa na tope linazolewa. Safari hii mzee alingoja Bwana. Akangoja mpaka ukingo ukaanza kutoa jasho, maji yanapenya kati ya mawe, na chini ya ukingo pana nyumba za watu. Akapiga baragumu. Lakini kwanza aliwatoa samaki wote kwa vikapu, taratibu, akawagawa kama wagawavyo ng'ombe, nyumba hii wachache na nyumba ile wachache, katika vyungu vya maji. Nakunda, mke wa mwanawe Elieza, ndiye aliyenisimulia.

"Tuliwaweka ndani, karibu na meko," aliniambia. "Kule juu usiku ni baridi, shemeji. Tuliwahurumia. Mimi niliwapa na maharage ya kupondwa."

Nami najua, kwa kuwa nimeyabeba madebe yale, kwamba samaki hawa baridi ndiyo uhai wao. Wa madoa walikufa kwanza, wa utepe wakafuata. Jua halijazama wote walikuwa wameelea matumbo juu. Mzee akasema wasitupwe hata mmoja. Wakaanikwa juu ya moshi wa meko wasioze, mpaka mwenyewe arudi awaone.

Tuliporudi nilikuwa kibarazani nikimvua Bwana viatu. Mzee Kajiru akaja na koti lake la kanisani, Elieza na Nakunda nyuma yake na nyungo mbili. Samaki walipangwa juu ya majani ya migomba, wa madoa ungo huu, wa utepe ungo ule, wamekauka vizuri, rangi ya dhahabu. Mimi mpishi nisingewakausha vile.

"Umepika samaki wangu," Bwana akasema.

"Wamekufa, Bwana. Nimekuletea. Wahesabu, hajapungua mmoja."

"Kama hukutaka kuwala, umewakausha kwa nini?"

"Usije ukasema nimewala."

Bwana akanitazama mimi. Nikasema, "Bwana, hawa hawali samaki, ni desturi yao kumwonyesha mwenye mali." Akacheka kidogo, akaniuliza nani duniani hali samaki, akaniambia nirudi jikoni. Nikarudi, dada. Nilisikia mengine kupitia ukutani. Alisema mtu amevunja amri, amekausha bwawa, amechukua mali ya watu nyumbani kwake, kisha analeta ushahidi mwenyewe kwa dharau. Mzee naye alisema neno moja tu, kwamba samaki wahesabiwe. Akapewa miezi mitatu, akateremshwa huku chini Same kuvunja mawe.

Watu wa juu hawakuzoea huku kwetu. Jua la Same ni kali, na mbu wake hawajui mzee wala kijana. Kila jioni nilimpelekea uji nyuma ya ua wa jela, askari mmoja muungwana akajifanya haoni. Mara ya kwanza mzee alionja akasema, "Mswahili, sasa najua kwa nini hukuoa tena." Mara nyingine aliuliza habari za ukingo wa ndiva. Nikamwambia Elieza anazibua, na ukingo umekazwa. Akasema Elieza ana haraka, anazibua kabla bwawa halijajaa. Wiki iliyopita homa ikamshika. Juzi alikunywa vijiko viwili tu na hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimwomba Bwana amrudishe mlimani apate baridi yake, akasema atalifikiria Jumatatu.

Niliiacha barua hii hapo nikaenda kuwasha moto wa chai. Nairudia sasa. Yule askari amekuja jikoni. Mzee Kajiru amekufa alfajiri ya leo. Wamemfunika blanketi la jela.

Nimemwambia Bwana. Ameiacha chai ikapoa. Si mtu mbaya, dada, na hilo ndilo linaloniuma, kwa kuwa ningepata wa kumchukia ningelala. Kisha akasema, "Athumani, panda wewe ukawaambie. Wewe wanakujua." Nami nikaitika, kama niitikavyo kila kitu.

Kesho ni siku ya Elieza na Nakunda kuteremka kumletea baba yao maziwa na ndizi. Kwa hiyo nitaondoka mapema kabla hawajafika bondeni. Sitaki habari waipate mlangoni mwa jela kwa mtu asiyejua hata jina lake. Nimefikiria maneno tangu asubuhi, na yote yana harufu ya jikoni. Ungekuwa hapa ungenipa neno la kuanzia.

Nisalimie shemeji. Nisalimie mama mkwe wangu wa zamani, ambaye najua hanisalimii. Nisalimie mwalimu wa chuoni aliyenichapa nikajua kuandika, na wale wapwa zangu wawili, waambie mjomba wao hajawa tajiri. Mama yetu umsomee Fatiha kwa niaba yangu, na mumwombee na huyu mzee, ingawa alikuwa Mlutheri.

Njia ile ya mlimani ni nyembamba, na mtu husikika kabla hajaonekana. Watanisikia nikihema kwenye kona, na Nakunda ataanza kucheka kama kawaida yake.

Ndimi mdogo wako,
Athumani