Uzi Mwekundu wa Kisigino

Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umepoa na kikohozi cha vumbi la ngozi kimekuachia upumue. Na goti la mama linaendeleaje? Mwambie dawa ya kuchua niliyomtumia ni ya kupaka, si ya kutunza kabatini. Mimi mwili ni mzima, nakula na nalala. Roho ndiyo haijatulia, na nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu hupokei.

Dada ameniambia yote. Kwamba mlikuwa karakanani mnasikiliza taarifa ya habari, wewe na Gundi na mafundi wengine wa ushirika, ikasikika sauti yangu ikisema viatu vya mafundi wa hapa vinaachia soli mvua ya kwanza. Kwamba ulizima redio, ukaendelea kupiga misumari, na jioni ukamwambia mama huna binti serikalini. Nililia, baba, halafu nikaacha kulia nikakasirika. Nimekasirika na watu wengi wiki hii, na nisikufiche, wewe nawe umo kwenye foleni, tena si nyuma sana.

Kazi yangu unaijua vizuri kuliko jirani yeyote. Mkalimani hasemi kwamba waziri ameridhika, anasema nimeridhika. Mtu akisema mimi, nami nasema mimi. Nimewahi kuwa mkurugenzi wa saruji mwenye kisukari, nimewahi kuwa jenerali mstaafu anayelalamikia meno yake ya bandia. Si wewe uliyekuwa ukinitania kila nikija likizo, unaniuliza leo nimekuja kula kama nani? Ulicheka miaka yote hiyo, na siku moja tu ilipokugusa ukasahau. Hilo limeniuma kuliko kukanwa kwenyewe.

Maneno yale ni ya waziri mgeni. Aliyasema kwa lugha yake mbele ya waandishi, na watu wa redio wakakata sauti yake wakaacha yangu, eti kuokoa muda. Nimewapigia simu kuwaomba warekebishe. Kijana aliyepokea akaniambia kwa upole kwamba sauti yangu inafaa sana redioni. Nilimkatia simu.

Mkataba wenyewe unaitwa wa kuimarisha ushirikiano wa kidiplomasia na kiuchumi kati ya mataifa mawili rafiki. Una mambo mazuri ndani yake, sitawasingizia: ubalozi mpya, daraja, nafasi za masomo kwa wauguzi. Lakini una kifungu cha ngozi. Ngozi yetu iende kwao mbichi, viatu vyao vije kwetu bila ushuru. Yaani sisi tuchune, wao washone, halafu sisi tuvae na kushukuru. Na katika picha ya pamoja wote walikuwa wanatabasamu kama watu waliotoka kula vizuri.

Usidhani hakuna aliyekupigania. Kwenye mazungumzo alikuwepo mama mmoja wa idara yetu ya biashara, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, asiyetishika. Alikataa asubuhi nzima. Alisema viatu vitolewe kwenye kifungu kwanza, mpaka karakana za ndani zipate mashine, na alikuwa akigonga meza kwa kidole kila anapotaja neno karakana. Wageni wakaanza kulegea. Waziri wao akaweka kalamu chini akasema, kwa mdomo wangu, kwamba pengine jambo hilo lingoje mwaka mwingine. Moyo wangu ulirukaruka, baba. Nilijua nitakupigia simu nikupe habari njema bila kukwambia nimezijuaje.

Ndipo mheshimiwa wetu, waziri aliyeongoza upande wetu, akaharibu. Mgeni, katika kupoza hali ya hewa, alivisifia viatu vya mheshimiwa, vile vyeusi vya kamba anavyovaa kila siku. Mtu mwingine angesema asante yakaisha. Yeye akavimba kichwa. Akasema vimetoka kwao, alivinunua mwenyewe alipokwenda ziara, na amekanyaga navyo matope ya jimboni mvua baada ya mvua bila kuachia hata uzi. Nami nikasema, nilivinunua kwenu. Kisha, mbele ya watu wazima na chupa za maji, akavua kimoja akakipitisha mezani waone muhuri wa kiwanda chao chini ya soli.

Waziri mgeni alifurahi kama mtoto. Akakigeuzageuza, akakigonga kwa vidole, akasema basi mjadala umekwisha: kiatu chao kimeshapimwa katika barabara zetu na kimeshinda, na kama vya mafundi wetu vingekuwa na uwezo huo, mheshimiwa mwenyewe si angevaa hivyo? Yule mama wa biashara akafungua mdomo, mheshimiwa akamwambia atulie, asiwaaibishe wageni. Kifungu kikapita huku kiatu kiko mezani. Kesho yake ndipo mgeni akasema mbele ya waandishi yale uliyoyasikia.

Sasa, baba, kaa chini, na kama Gundi yuko karibu mtume dukani.

Kiatu kile kilipita mbele yangu kikirudishwa kwa mwenyewe. Ngozi ya ndani ilikuwa imeinuka kidogo kisiginoni, na chini yake nikaona uzi mwekundu, umeshonwa kwa msalaba. Uzi ambao mteja haambiwi na wala hauoni. Babu alikufundisha kuuweka katika kila kiatu ili mshonaji akijue cha kwake hata kikirudi kimechakaa, na wewe ulinifundisha mimi nikiwa nimekaa juu ya kile kigoda chenye mguu mbovu. Nikakumbuka ule muhuri wa chuma wenye alama hiyohiyo ya kiwanda, niliouona kwenye droo yako nikiwa likizo, umeviringishwa kitambaa. Nilikuuliza, ukasema ni wa mikanda ya mteja mmoja, ukafunga droo haraka.

Nilitaka kupiga kelele. Mheshimiwa anaringia kazi ya baba yangu kama mali ya watu wengine, na kazi hiyohiyo inatumika kumfungia baba yangu karakana. Na aliyegonga muhuri ule ni baba yangu mwenyewe! Najua ilivyokuwa, ninaweza hata kukusemea. Mheshimiwa alimtuma mtu, akasema mkubwa anataka viatu imara ila hawezi kuonekana amevaa vya uchochoroni. Ukajiambia mteja ni mteja. Umenikana kwa sababu nilitoa sauti yangu kwa maneno ya mwingine, baba, na wewe ulikuwa umeshatoa mikono yako kwa jina la wengine. Mimi angalau kila mtu anajua kuwa nimeajiriwa kufanya hivyo.

Sikusema kitu. Kiapo cha wakalimani kinakataza, nami nilijificha nyuma ya kiapo, lakini ukweli ni kwamba nilikuogopea. Ningefungua mdomo, wewe ungeitwa mtu wa kughushi kabla yeye hajaitwa mwongo. Kwa hiyo nilitafsiri mpaka mwisho, na kesho yake nikatafsiri tena, sauti kavu kabisa. Hiyo ndiyo uliyoizima. Na kwa kukuandikia haya kiapo nimeshakivunja, maana ya chumba kile hayatoki nje. Ikijulikana, nitafungasha virago.

Lakini mkataba bado haujaridhiwa. Jumatano ijayo kamati ya bunge itasikiliza wadau, mheshimiwa atakuwepo na wageni watakuwepo. Dada anasema ushirika wenu umealikwa na wewe umekataa, unamtuma Gundi akasome hotuba. Gundi ni mtu mwema, lakini akishikishwa kipaza sauti husahau hata jina la mama yake. Nenda wewe. Uchukue ule muhuri uuweke mezani mbele yao. Umwombe mheshimiwa avue kiatu, atakuwa amekivaa tu, kisha inua ile ngozi ya kisigino wote waone. Utaaibika, sitakudanganya. Watakuita mtu wa kughushi na hawatakuwa wamekosea. Lakini utaaibika kwa jambo ulilolifanya, si kwa jambo wanalosema huliwezi.

Ratiba imeshatoka, na siku hiyo kwenye kiti cha mkalimani nitakuwa mimi. Ukisema mimi ndiye niliyekishona, nami nitawaambia kwa lugha yao, mimi ndiye niliyekishona. Ukisema niligonga muhuri usio wangu, nitasema niligonga muhuri usio wangu. Sitapunguza wala sitapamba, na sauti haitakuwa kavu.

Nisalimie mama, umwambie asiache kupaka dawa. Nisalimie dada, na umshukuru kwa umbea wake kwa niaba yangu, maana bila huo nisingejua lolote. Gundi mpe pole ya hotuba aliyokwisha kuikariri. Bado nimenuna, na bado nakupenda. Jumatano karakana iache redio wazi.

Ni mimi binti yako. Na hapa nikisema mimi, ni mimi mwenyewe.