Picha Aliyoitaka Bi Shariffa

Jumamosi, 8 Juni 1957

Tumefungua! Chumba cha uani, ambamo mavyaa, mama wa mume wangu Hatibu, alikuwa akiweka nazi zake, leo ni studio. Hatibu kapaka chokaa kuta zote nne, na juu ya mlango wa barabarani kaandika kwa mkono wake: PICHA – WANAWAKE NA WANAUME. Wanaume atawapiga yeye, siku ambazo hayuko kazini kwenye treni ya Moshi. Wanawake ni wangu.

Kamera kainunua kwa Mgoa mmoja aliyerudi kwao. Ina miguu mitatu na kitambaa cheusi. Ukijifunika na kuchungulia kwa nyuma, unamwona mtu kichwa chini, miguu juu. Nilicheka hadi machozi – mume wangu ananing'inia kama popo!

Nimempiga sita. Nimezisafisha mwenyewe stoo, blanketi mbili mlangoni zisipitishe mwanga. Zote mbaya. Shati linang'aa, ukuta unang'aa, Hatibu hayumo. Meno tu na vifungo.

Mavyaa kazitazama, kasema kwa upole kwamba nyumba yenye picha malaika huipita mbali, na kwamba nazi zake zitarudi chumbani mwezi wa Agosti ukiingia kama hajaona mteja. Nyumba ni yake. Hatukubisha.

Jumatatu, 10 Juni

Hatibu kamleta mzee Rafaeli, Mbondei wa Magila, aliyesafisha picha za watu miaka mingi katika duka moja la mjini. Nikamwamkia, nikampa chai. Akazipitia zile sita, moja moja. Kisha:

"Binti, umepiga picha ya ukuta. Ukuta wako mzuri sana."

Hatibu akacheka. Nikamkanyaga mguu.

Mzee kasema ukuta mweupe ndio unaochukua mwanga wote, mtu anabaki gizani. Nyuma ya mtu niweke kitu cheusi. Tena mtu asikae katikati ya chumba kama mshitakiwa! Akae kando ya mlango, mwanga umjie ubavuni. Sasa ule ubavu wa pili, nikamuuliza, si utakuwa giza? Akasema nitafute mwenyewe. Akaomba chai nyingine.

Alhamisi, 13 Juni

NIMEPATA!

Mastura wa nyumba ya pili kaja kuazima kinu. Nikamkamata, nikamkalisha kando ya mlango wa uani, nyuma yake blanketi la Hatibu la kazini. Nachungulia – shavu moja zuri ajabu, la pili jeusi kama chungu. Nusu mtu! Nikasogeza kiti. Nusu mtu. Nikafungua dirisha. Vile vile.

Mavyaa akapita uani na shuka nyeupe, katoka kuifua, anakwenda kuianika. Akasimama kutuuliza tumevunja nini. Na lile shavu jeusi likawaka! Wallahi likawaka, kama mtu kaleta taa. Shuka ile iliurudisha mwanga usoni kwa Mastura.

"Mavyaa, simama hapo hapo!"

"Nisimame nini? Maji yananiingia kwapani!"

Lakini alisimama. Mastura akaangua kicheko. Nilisubiri kicheko kiishe, uso ukiwa bado haujajifunga, nikapiga.

Ijumaa, 14 Juni

Picha ya Mastura imetoka. Yeye mwenyewe, mzima! Kanishika mikono: "Kumbe nina kidevu kizuri hivi, na hakuna aliyeniambia?" Kaondoka nayo kifuani. Kinu kakisahau.

Mavyaa kaitazama kidogo, akauliza, kama asiyejali, shuka nimeiweka wapi. Kasema niibakize hiyo hiyo studio, kesho atafua nyingine.

Jumanne, 25 Juni

Wanawake kumi na mmoja tangu Jumatatu iliyopita. Wote ni kazi ya Mastura na kidevu chake. Lakini wa leo sikumtegemea.

Bi Shariffa! Yule wa nyumba ya ghorofa, shangazi yake Taimur mwenye mashamba ya minazi. Tangu nizaliwe sijamwona uso. Aliingia baada ya alasiri, peke yake, kajitanda buibui, kafunga barakoa usoni.

"Mumeo yuko wapi?"

"Yuko safarini Moshi, bibi."

"Picha utaisafisha wewe?"

"Mimi, kwa mikono yangu."

"Asiione mwanamume. Hata kwa bahati mbaya."

Nikaapa. Akavua barakoa. Uso mwembamba, mistari mingi sana, macho makali. Nikatafuta maneno ya kumlegeza, kama niwafanyiavyo wengine, nikauliza picha ni ya nani. Akanijibu huku kaangalia mlangoni.

Ni ya mdogo wake, Shemsa, aliyeko Mombasa. Hawajaonana miaka thelathini na mmoja. Mama yao alipofariki, Shemsa aliolewa kabla tanga la msiba halijaanuliwa, akaondoka na mume siku ya tano.

"Nikamwambia asirudi tena," akasema Bi Shariffa. "Naye mtiifu. Hakurudi."

Nikajifunika kitambaa. Nimempiga mbili.

Alhamisi, 27 Juni

Aibu yangu leo!

Mzee Rafaeli alinifundisha juzi kuchonga kalamu ya risasi kama sindano, na kugusa filamu pale penye mikunjo ya uso – ikitoka kwenye karatasi, mikunjo haipo. Nilikaa na uso wa Bi Shariffa asubuhi nzima. Nikampunguzia miaka ishirini. Nilijiona fundi!

Kaja, kaishika picha, kaisogeza mbali, kaisogeza karibu.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Mistari yangu umeipeleka wapi?"

Akairudisha mezani, taratibu, hana hasira.

"Mwanangu, Shemsa akiiona hii atadhani nimekula raha miaka yote hii. Nataka aone."

Akakaa tena kitini, bila kuambiwa.

Jumatatu, 1 Julai

Picha mpya sikuigusa kwa kalamu. Nilichofanya ni kukisogeza kiti nyuma kidogo, mwanga uingie kwenye kila mkunjo, na kumwomba mavyaa aishike shuka chini zaidi, macho yasizame. Mavyaa alishika dakika nyingi bila kunung'unika. Wazee wawili wanatazamana juu ya shuka.

Leo nimempa. Kaiinamia mno, nikaanza kujilaumu upya. Kumbe analia. Kumbe tena anacheka!

"Huyu ni mama," akasema. "Mmemtoa wapi mama yangu?"

Miaka mingi, kasema, hajakaa mbele ya kioo zaidi ya kufunga barakoa. Hakujua.

Kaitia kwenye bahasha papo hapo. Nikauliza, barua je? Kasema barua angeandika nini. Ikaenda posta hivyo hivyo, picha tupu, na muhuri wa studio yetu nyuma yake.

Hatibu karudi mchana. Alipopita mlango wa stoo aliziba macho kwa mikono yote miwili, akagonga ndoo. Nampenda mtu huyu.

Jumanne, 9 Julai

Idi! Sina nguvu hata ya kushika kalamu. Barabara ya Nane imejaa watu wenye nguo mpya, na nusu yao wako kwetu. Wanaume barazani kwa Hatibu, wanawake uani kwangu. Familia imekuja kutoka Kigombe, watu tisa, nikawapanga kama minazi. Filamu zimekwisha saa tisa, na watu bado wanapiga hodi!

Mavyaa ndiye anayewapokea. Kavaa kanga mpya, anawapangia zamu, anawaambia, "Cheka kwanza, halafu acha. Hapo ndipo anapopiga." Maneno yangu! Habari za nazi hakuna anayezitaja.

Alhamisi, 18 Julai

Bi Shariffa kapita mlangoni. Hakuingia. Kauliza tu posta ya Mombasa huchukua siku ngapi. Nikamwambia siku tatu, nne. Akahesabu kimoyomoyo, akaenda zake.

Jumatano, 24 Julai

Naandika nikiwa juu ya kigoda, nje ya studio yangu mwenyewe. Ndani hapaingiliki.

Asubuhi Bi Shariffa kaja, kavua barakoa kabla hata ya kukaa. Kasema labda ile picha imemtisha Shemsa, uso ulikuwa mkali. Nimpige nyingine, akicheka, ipelekwe leo. Masikini, kucheka kwenyewe hakuji! Nimemwimbia, nimemsimulia Hatibu na ndoo. Mdomo unacheka, macho yanasubiri posta.

Nikawa nimejifunika kitambaa, nasubiri. Nikasikia mavyaa akimkaribisha mgeni: kashuka basi la Mombasa sasa hivi, anauliza studio yenye muhuri huu. Hatua zikaja hadi mlangoni, nyuma yangu. Mtu hakubisha hodi wala hakutoa salamu.

Mimi nilikuwa naona uso mmoja tu, kichwa chini. Ule uso ulibadilika. Sijui niuelezeje. Kidole changu kikabonyeza chenyewe.

Sauti nyuma yangu ikasema: "Umezeeka bila ruhusa yangu."

Bi Shariffa kainua kidevu. Kisha:

"Nani kakwambia urudi?"

"Hakuna. Nimechoka utiifu."

Nikatoka chini ya kitambaa. Mwanamke mfupi, mnene, buibui limejaa vumbi la njia ya Horohoro, bahasha mkononi. Hakuna aliyesogea. Mavyaa akanivuta nje kwa kanga, akarudisha mlango.

Ni saa nzima sasa. Kwanza walizozana – nimesikia "tanga", nimesikia "siku ya tano", nimesikia jina la mwanamume. Sasa kuna mmoja analia au anacheka, siwezi kutofautisha. Mavyaa naye sikio lake liko mlangoni, anadai anapanguza vumbi.

Filamu imo bado ndani ya kamera, haijasafishwa. Kama Bi Shariffa alitikisika, haina kitu. Sidhani kama alitikisika.

Bi Shariffa anaita:

"Mwamvua! Kiti kimoja hakitoshi humu. Lete kingine – na mwambie mavyaa wako aje na shuka!"