Sanduku la Matandiko ya Wageni

Mshauri mpendwa,

Nimekwama, na aliyenikwamisha ni mimi mwenyewe, kwa hiyo naomba uninasue bila kunicheka sana, ingawa ukicheka kidogo nitaelewa, maana hata mimi nikijitazama kwenye kioo wakati wa kunyoa ndevu nashindwa kujizuia.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi. Nimefundisha miaka thelathini na moja, na ugonjwa wa kazi yetu ni kwamba mtu akikuuliza saa ngapi, unamweleza kwanza jinsi dunia inavyozunguka. Nyumbani kwetu kuna chumba cha wageni chenye godoro lililonunuliwa mwaka mwanangu alioanza sekondari, naye sasa ana kipara, na miguuni pa kitanda kuna sanduku la bati lenye matandiko ya wageni: blanketi nzito, shuka za kutarizi, na mito ya sufi aliyoishona marehemu mama mkwe wangu. Sisi wenyewe hatuyalalii. Mgeni anavyozidi kuheshimika ndivyo tunavyochimba chini zaidi sandukuni, na akiondoka mke wangu huyakung'uta, huyakunja na kuyarudisha, kwa kuwa “amelalia siku mbili tu, tukifua kila mara yatachakaa,” nami nilikuwa nasimama mlangoni kumuunga mkono kitaalamu kwamba kitu kisichotumika hakichafuki, kisha natupia vidonge vya naftalini, ili hata mdudu asiyekuwepo awe ameonywa.

Nina mjukuu mmoja tu, binti wa miaka saba. Kila likizo huja na mama yake, mke wa mwanangu, kukaa wiki moja, na siku ya kwanza anakimbia uwanjani kama swala, lakini kesho yake asubuhi anaamka na chafya kumi mfululizo na macho yaliyovimba, na siku ya tatu kifua kinapiga filimbi. Bila kuulizwa, nikajiteua daktari. Mwaka wa kwanza nilisema ni marashi ya mkwe wangu, na alipojitetea, “Baba, sijajipaka kitu tangu jana,” nikamjibu, “Basi ni ya jana.” Hakujipaka tena kwangu. Mwaka wa pili nilisema ni paka, tukampa jirani, mtoto akalia, na paka kanenepa huko hata hanitambui. Mwaka wa tatu, yaani likizo iliyopita, nilisema mtoto analelewa kama yai, nikaamuru aongezewe blanketi la chini kabisa sandukuni na mto wa pili.

Asubuhi mkwe wangu alimbeba hadi zahanati, nami nikawafuata ili nimweleweshe daktari. Daktari akatokea kuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Alimtibu mtoto, na mama yake alipokwenda naye dirisha la dawa, akaniuliza mtoto analala juu ya nini. Nikamweleza kwa fahari, sanduku zima, tabaka kwa tabaka. Akanitazama kama nilivyokuwa nikimtazama yeye asipofanya zoezi.

“Mwalimu, si wewe uliyetuchorea utitiri wa vumbi ubaoni? Miguu minane, hauonekani kwa macho, ukasema unapenda godoro kuukuu kuliko mwanafunzi mvivu?”

Ni mimi hasa. Akanikumbusha kwamba vinyesi vya wadudu hao ndivyo vinavyoamsha mzio, akaniomba, kama mtu mzima, nimweleze mama mtu na nimwambie amrudishe mtoto kupimwa. Nikatoka. Mkwe wangu akauliza, “Baba, daktari amesemaje?” Nami niliyemnyang'anya marashi na kumfukuza paka wa watu nikajibu, “Amesema ni hali ya hewa ya huku.”

Aliniamini, mshauri, na hilo ndilo linaloniumiza. Likizo ni baada ya wiki tatu, mwanangu amepiga simu kwamba watafikia nyumba ya wageni, kwetu watakuja mchana tu, na mjukuu akapokea simu akaniuliza, “Babu, hewa yenu ikipona utaniambia?” Mke wangu kusikia hivyo kalia, kisha kaamua kupeleka mito ya sufi huko nyumba ya wageni ili mtoto alalie kitu cha nyumbani, na mto mmoja ulishaondoka na mtoto mwenyewe safari ile, zawadi ya bibi, na mwanangu anasema siku hizi anakohoa hata kwao. Mimi nimepulizia sanduku dawa ya mbu, na sasa ninayepiga chafya ni mimi.

Nifanyeje kuyasafisha matandiko haya kimyakimya, bila mke wangu kujua na bila mkwe wangu kugundua kwamba nilimdanganya?

Wako,
Bingwa wa Hali ya Hewa

Jibu

Mwalimu,

Nimecheka kama ulivyoniruhusu, mpaka nilipofika kwenye ule mto uliosafiri. Hapo nikaacha.

Unaniuliza jinsi ya kufua. Kufua si shida yako. Shida ni kwamba kuna mtoto anayekohoa nyumbani kwao, kichwa chake kiko juu ya mto wenu, na mtu mmoja tu katika ukoo mzima anajua sababu inaweza kuwa nini, naye anatafuta njia ya kunyamaza vizuri zaidi. Aibu yako naielewa. Miaka thelathini na moja ya kuitwa mwenye kujua ni mzigo. Lakini huyo mama alikubali marashi, akakubali paka, akakubali yai. Hata hali ya hewa aliikubali. Mkwe mwenye heshima kiasi hicho unamficha nini?

Mpigie leo, kabla hujagusa beseni. Usianze na utitiri, maana ukianza na utitiri utamaliza na muundo wa miguu yake. Anza hivi: “Mwanangu, nilikudanganya zahanati.” Kisha mwambie autoe ule mto kitandani mara moja, amrudishe mtoto kwa daktari, na asiache dawa alizopewa. Kifua kikibana hata baada ya dawa, asisubiri wala asitupigie sisi wazee kuomba ushauri, aende hospitali. Huenda akakasirika. Mwache aseme lake. Usimjibu kwa somo.

Halafu mwite mke wako mfungue sanduku pamoja. Hakukosea peke yake. Wewe ulikuwa mlangoni ukitoa vyeti. Blanketi na shuka zifuliwe kwa maji ya moto hasa, si vuguvugu, na zikauke kabisa juani kabla ya kukunjwa. Kuanika bila kufua hakutoshi, maana vinyesi hubaki, na dawa ya mbu inamuudhi mwenye kifua kuliko inavyowaudhi wadudu. Mito ya sufi haifuliki ikatakata, itupeni. Kama mama mkwe alitarizi foronya, fueni foronya mzihifadhi, ndizo zenye mkono wake. Godoro la rika la kipara cha mwanao nalo liondoke, na jipya livishwe kifuniko kinachobana chenye zipu. Chumba kifutwe kwa kitambaa kibichi, madirisha wazi, mtoto asiwepo mnapokung'uta. Tangu sasa kila mgeni afuliwe matandiko upya kabla hajafika, hata akiwa mkuu wa ukoo.

Utafanya yote hayo, na bado huenda likizo hii mkwe wako akaamua walale nyumba ya wageni. Ana haki. Usinung'unike, usimtume mwanao ambembeleze, wala usimweleze umetumia maji ya nyuzijoto ngapi. Mtoto anayepumua vizuri kwa watu ni bora kuliko anayekohoa kwenu kwa heshima. Na siku mama yake atakapojiridhisha, atamleta mwenyewe alale kwenu.

Mjukuu naye anasubiri jibu kuhusu hewa. Ukimaliza na mama yake, omba uzungumze na mtoto. Mwambie hewa haikuwahi kuumwa, babu ndiye aliyeogopa kusema ukweli. Ana miaka saba, atakuelewa upesi kuliko unavyodhani.