Mtani Aliyetangulia Kaburini

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Songea mjini. Jumatatu, tarehe 16 Juni 2025, saa 4:20 asubuhi.

Jina: Walburga Mapunda. Umri: miaka 51. Kabila: Mngoni. Dini: Mkristo. Kazi: mwalimu wa shule ya msingi. Makazi: Msamala, Songea.

Nimeonywa kusema kweli tupu, na nitaisema, ingawa nimechoka na usingizi wa msibani bado ninao machoni.

Mchana nafundisha darasa la tatu, watoto wanazidi mia. Jioni nasoma stashahada ya maendeleo ya uongozi katika chuo kilichopanga ukumbi hapa mjini. Wanafunzi wote ni watu wazima wenye kazi zao. Tunafika hoi, wengine wanasinzia waziwazi, na mwalimu anatuambia kiongozi hachoki. Sijui huyo kiongozi analala wapi.

Marehemu Kajetani Gama, afisa kilimo, alikuwa mwanafunzi mwenzetu. Alikaa dawati moja na Twaha Daimu, ambaye ndiye mnayemshikilia hapa. Twaha ni Myao wa Nalasi kule Tunduru, anasimamia ghala la mahindi hapa Songea. Kajetani alikuwa Mngoni. Afande, wewe ni mgeni huku, labda kwenu utani ni wa maneno tu. Kwetu unafika hadi makaburini. Mababu walipigana, wajukuu wakabaki wanatukanana na kuzikana. Siku ya msiba mtani ndiye anayefanya vituko ili wafiwa wapate kupumua. Hao wawili walitukanana tangu siku ya kwanza ya masomo, na mmoja akiumwa mwenzake hakai darasani akatulia.

Mnamo mwezi Mei mwalimu wetu, Bwana Polikarp, alitupa zoezi. Kila mmoja asimame aseme angependa asemwe vipi siku ya mazishi yake, eti kiongozi huanza kwa kuutazama mwisho. Sisi wengine tulisema yale yale: mchapakazi, mwadilifu, mpenda watu. Kajetani alisimama akasema, "Mimi msinisifu. Huyu Myao aingie kaburini kabla yangu, anitukane mpaka mke wangu acheke." Twaha akamjibu kwamba ataingia, ila marehemu achimbe mwenyewe, maana Wangoni kwa uvivu wangemwachia hata kazi hiyo. Darasa zima lilisikia. Hironimus Komba naye alikuwepo, tena alicheka kuliko wote.

Jumatano tarehe 11 Juni Kajetani alianguka kazini. Presha. Alifariki kabla ya kufikishwa hospitali. Darasa tukaunda kamati ya kuisaidia familia, mwenyekiti akawa huyo Hironimus, ambaye ni mtendaji wa kata. Tulifanya kama tulivyofundishwa: tukagawana majukumu, tukaandaa ratiba, salamu za ofisi dakika tano, salamu za chuo dakika tano, wasifu dakika kumi. Utani hatukuupangia hata dakika moja. Watu wazima sote, tumezikana miaka yote, na hakuna aliyekumbuka.

Jumamosi tarehe 14, kama saa tisa alasiri, tulikuwa makaburini Mletele. Jeneza lilikuwa kando ya kaburi, padri ameshika maji ya baraka. Twaha akavua koti, akashuka kaburini, akalala chali. Akapaza sauti: "Hapa pangu, mtafutieni pengine. Huyu Mngoni ameogopa mtihani wa Jumanne ndiyo maana amekimbilia kufa. Mrudisheni darasani!"

Wazee wakacheka. Padri, mtoto wa Peramiho, akainamisha kichwa akasubiri, anajua mambo haya. Na Rosemary, mke wa marehemu, ambaye tangu Jumatano alikuwa hali wala hasemi, alicheka. Mimi ndiye niliyemshika, nilimsikia. Alicheka kwanza, ndipo machozi yakamtoka.

Hironimus alikuwa na kipaza sauti. Aliangalia saa yake, akawaangalia wakubwa wake waliosimama mbele, akasema, "Vijana wa kamati, mtoeni mlevi huyo, anatuvurugia ratiba."

Twaha ni Mwislamu, pombe hajawahi kuionja, na Hironimus anakaa nyuma yake darasani. Hapo ndipo Saimon, mtoto mkubwa wa marehemu, aliporukia ndani. Kijana huyu amelelewa Dar es Salaam kwa shangazi yake, mambo ya huku hayajui. Umwambie mlevi kalala kwenye kaburi la baba yake, afanyeje? Alimvuta Twaha mkono mmoja, vijana wakavuta wa pili, kiwiko kikateguka. Nilimfuata Saimon nikamweleza kwamba yule ni mtani wa baba yake. Akanijibu, "Mama, utani gani wa kumtukana maiti?" Jioni ile ile akaja kwenu kulalamika.

Tangu jana nawapigia wenzangu simu tuje pamoja. Mmoja yuko kwenye kikao. Mwingine anasubiri msimamo wa darasa. Hironimus aliniambia suala hili lina itifaki. Nikamwambia itifaki ndiyo iliyomtegua Twaha kiwiko, akakata simu. Hawa wote ni wanafunzi wa uongozi, Afande. Nimekuja peke yangu.

Sina ugomvi na Saimon, ana uchungu wake. Hironimus ndiye aliyeniudhi, na ameniudhi kwelikweli. Twaha hakulewa wala hakumdhalilisha mtu. Alitimiza alichoagizwa na rafiki yake mbele yetu sote, na kwa hilo amelala siku mbili kwenye sakafu yenu na bandeji mkononi, baridi hii ya Juni. Naona aibu.

Sina zaidi. Niliyoyasema niliyaona na kuyasikia mwenyewe, nimesomewa, yako sawa.

Sahihi: W. Mapunda

Maandishi ya askari: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Hamisi, na kumsomea shahidi kabla hajatia sahihi. Shahidi akiwa bado ofisini, aliingia Rosemary Gama, mke wa marehemu, pamoja na mlalamikaji, mwanawe Saimon. Alisema leo wanaanua matanga na kwamba nyumba yake haifagiwi mpaka mtani awepo, kwani kufagia siku hiyo ni kazi ya mtani. Nilimruhusu amwone mtuhumiwa. Alisimama mlangoni mwa mahabusu akasema, "Myao mvivu wewe, umekuja kujificha huku, kazi tumwachie nani?" Mtuhumiwa akalia.

Mlalamikaji alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Kisha alisema anaondoa malalamiko yake. Nimelifikisha suala kwa mkuu wa kituo, ambaye ameruhusu mtuhumiwa aondoke. Aliporudishiwa viatu vyake hakuweza kufunga kamba kwa mkono mmoja. Mlalamikaji alipiga magoti akamfunga. Mtuhumiwa akamwambia, "Kaza, Mngoni wewe, hata kamba baba yako hakukufundisha?" Mlalamikaji alifungua, akafunga upya.