Miguu Uliyomficha Mkwe Wako

Mama,

Leo nimeosha viatu vyako. Vile vyeusi vya plastiki ulivyovikata nyuma kwa kisu ili visigino vipate nafasi. Baba alitaka vitupwe pamoja na godoro, nikamkatalia mbele ya wageni, na wewe unajua sijawahi kumjibu Baba. Nimeviweka chini ya kabati langu. Sijui nimeviwekea nini.

Miwa ya upande wa barabara imekatwa. Trekta zilipita karibu kabisa na kaburi lako, na mimi nilisimama pale na jembe mkononi kama mwendawazimu, nikingoja mmoja wao athubutu kukukanyaga. Hakuna aliyethubutu. Dereva mmoja hata alivua kofia, nikaona haya.

Watu bado wananiuliza ulikufa na nini. Nikisema ni moyo, wanatikisa kichwa, maana wao waliona miguu tu. Na walipoiona walifurahi, Mama! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Pesa ya miwa ilikuwa imeanza kuingia, kila boma hapa Kabras linajenga. Baba akaezeka mabati, akaleta viti vya sofa kutoka Kakamega, akang'oa mahindi na viazi vitamu, akapanda miwa mpaka karibu na dirisha la jikoni. Basi miguu yako ilipoanza kuvimba, wanawake wa kanisani wakasema umenona. "Mama ananenepanga na sukari!" Nawe ukacheka, ukajigeuza wakuone vizuri. Uliposhindwa kulala kitandani kwa sababu pumzi ilikatika, ukawa unalala umekaa sofani, Baba akawaambia watu jinsi unavyovipenda viti vyake. Ulipokuwa ukisimama njiani kuhema, ndoo kichwani, tulisema sasa wewe ni mama mkubwa, huna haraka na mtu. Tulikuwa tunakusifu kwa ugonjwa wako.

Mtu mmoja tu hakukusifu, na huyo hakuwa na ruhusa ya kukutazama.

Baba Rispa, mume wangu, ni dresa wa zahanati ya kiwanda cha sukari. Kazi yake ni kuwafunga wakata miwa vidonda vya panga. Tangu alipoleta mahari hakuwahi kukukaribia. Ndivyo tulivyolelewa: mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Zamani jambo hilo halikuwa na shida, uwanja wetu ulikuwa mpana. Miwa ilipofika mlangoni kikabaki kijia cha mtu mmoja. Asubuhi moja mlikutana humo ana kwa ana, wewe na mzigo wako wa kuni, pa kupita hapakuwapo, ukajitosa ndani ya miwa. Majani yakashika gauni lako yakalipandisha. Aliniapia kwamba alifumba macho, lakini alikuwa ameshaona.

Alirudi nyumbani akakataa chai. "Mama ni mgonjwa," akaniambia. "Mtu abonyeze ule mguu kwa kidole, hapo juu ya mfupa. Shimo likibaki, apelekwe hospitali, asingojengoje."

Nilikuja kwako mbio. Nikakueleza yote, nawe ukasikia neno moja tu. "Kwani mkwe ananiangalianga miguu?" Ukajifunika uso na leso. Tangu siku hiyo ulivaa soksi ndefu juani na gauni la kufagia vumbi. Nikija na Baba Rispa, watoto wanasema umeenda mtoni, na huku nasikia ukikohoa jikoni. Nilikuomba angalau mimi nibonyeze. Ukanipiga kofi mkononi ukicheka: "Unibonyeze kwani mimi ni avokado?" Nilicheka na wewe. Ee Mama, tulicheka sana siku ile, na shimo lilikuwa pale chini ya soksi likitungoja.

Ulianguka ukiwapelekea wakata miwa chakula. Baba alikuwa ameenda Mumias. Walioitikia mayowe yangu walikuwa wanawake na mtu mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli yake kwenda kazini, na huyo alikuwa yeye, mkwe wako. Alisimama. Nilimwona akitazama huku na huku, akitafuta mwanamume mwingine wa kukuinua, na mwingine hakuwapo, wakata miwa walikuwa mbali ng'ambo ya shamba. Akaiacha baiskeli ianguke, akakubeba mgongoni. Mimi nilikimbia nyuma nimeshika viatu hivi hivi. Kichwa chako kilikuwa begani kwake, na wewe, ambaye hukuwahi kumwambia hata habari ya asubuhi, ukamwambia kwa ile pumzi kidogo iliyobaki: "Mwanangu, usiniangushe."

Hakukuangusha. Lakini alilia njia nzima mpaka barabarani, nawe hukuweza kumwona.

Hospitalini kwa masista, daktari alivua soksi zako na kubonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Tulilitazama sote. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: ulipokuwa msichana mdogo, magoti yalikuwa yakikuvimba? Ukasema ndiyo. Ukasimulia ile hadithi tuliyoizoea, jinsi ulivyougua koo, halafu magoti, ukawa unabebwa mpaka shuleni, wenzako wakakuita bibi harusi. Siku zote tuliicheka hadithi hiyo. Daktari hakucheka. Alisema homa ile ya koo na magoti ndiyo iliyoharibu mlango mmoja wa moyo, ukawa haufungi vizuri, moyo ukafanya kazi ya ziada miaka yote hiyo ya kulima na kuzaa, mpaka ukachoka kusukuma damu, na maji yakashuka miguuni. Nilitaka kumshika shati nimuulize mbona hatukuambiwa. Na nani angetuambia? Aliyeona alitwambia.

Vidonge vilitoa yale maji. Wakumbuka? Mifupa ya vifundo ikatokea tena, likatokea na lile kovu la jembe, ukachezesha vidole ukasema, "Sasa hii ndiyo miguu yangu." Niliamini umepona. Nilikuwa nimeshamwambia Baba atafute mbegu za mboga, kwamba utarudi kuzipanda. Daktari alinieleza taratibu kwamba moyo wenyewe umetanuka na umechoka, nikamsikia kama mtu anayeongea na mtu mwingine. Ulikufa miguu yako ikiwa imepungua. Nilikuosha mimi mwenyewe, na ilikuwa myembamba kama ya zamani.

Wazee walisema Baba Rispa alete kondoo wa kusafisha mwiko, kwa kuwa alikugusa. Akaleta bila kubishana.

Kuna jambo jingine. Wiki iliyopita Rispa alilia koo, halafu asubuhi moja akashindwa kukunja goti. Nilimbeba mgongoni moja kwa moja mpaka hospitalini, sikungoja hata uji uive. Daktari yule yule alisikiliza moyo wake kwa muda mrefu sana, akasema uko sawa, lakini ni homa ile ile, na atachomwa sindano kila mwezi kwa miaka mingi ili isirudi kumharibu. Nililia kwenye benchi mpaka sista akadhani nimepewa habari mbaya. Nilikuwa nakulilia wewe, kwamba hukuwa na mtu wa kukubeba hivyo.

Sasa nikuage, Mama, wino wa kalamu ya mtoto unaisha. Nakuahidi sindano hizo Rispa hatakosa hata moja, mvua inyeshe au miwa ikatwe. Na kile kijia nimekipanua. Nilifyeka miwa ya Baba pande zote mbili. Alinguruma sana, kisha akaja na panga lake akanisaidia. Watu wawili sasa wanapita bila mmoja kujitosa.

Jana jioni Baba Rispa alikuja kukuona. Alisimama mbali, kwenye ua, kofia mkononi, kama alivyosimama siku zote ukiwapo. Nilimwita mara moja, hakusogea. Nikaenda nikamshika mkono, nikamleta. Akakaa chini, upande wa miguu yako, akaweka kiganja juu ya udongo.

Usijifunike, Mama. Ni mwanao.