Maini ya Furaha yenye kukataa povu

Bunia, Alhamisi mangaribi

Eti dada yangu aliosha maini na ndimu, juu isinuke ku masomo! Sasa asidi ikaua enzime yenye kutosha povu, mbele binti yake Furaha aonyeshe namna pH inabadilisha kazi ya ile enzime. Furaha akatia maini mu maji ya oksijene ya kusafisha vidonda: hata povu moja haikutoka.

"Uvivu! Zero!" prof akamukaripia. Kravate ya shingo murefu, akili mufupi. Hata kuuliza hakuuliza.

Miye, mutu wa biashara ya Kampala na Dubai, ingawa masomo ilinishinda, nikakimbia kwenye wanachinja ng'ombe, nikaleta maini ingali moto.

Furaha akarudilia: povu ikamwangika mpaka ku meza. Prof akafuta zero, bila kuomba pardon.

Furaha akanishika mukono, miye mjomba wake, mbele ya darasa yote.

"Noko, unanuka sana."

Hakuniachilia.